Kero ya Pini ya 2 na ya 3
Katika kazi yote ya kufufua terminali ya zamani (kioo na kibodi vya kuwasiliana na kompyuta), hakuna kinachonikera kama poti yake ya siriali, tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine. Kioo kinawaka, kishale kinapepesa, lakini ukiiunganisha na kompyuta hupati hata herufi moja, wala hakuna ujumbe wa kosa unaokuonyesha pa kuanzia.

Kiwango cha RS-232, kinachoongoza poti hizo, kilitolewa mwaka 1960 kwa kudhani kwamba upande mmoja kuna terminali na upande wa pili kuna modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye simu). Kompyuta nayo kwa kawaida hufungwa nyaya kama terminali, kwa hiyo ukiziunganisha kwa kebo iliyonyooka, yaani pini kwa pini ya namba ile ile, zote mbili hutuma kwenye waya mmoja na kusikiliza mwingine ulio kimya. Kwenye kiunganishi cha pini 25, terminali hutuma kwa pini ya 2 na kupokea kwa pini ya 3. Kilipokuja kiunganishi cha pini 9, namba hizo zikageuzwa. Nani aliomba hilo?

Ukishapishanisha nyaya, unabahatisha kasi, pariti (biti ya kukagua makosa), biti 7 au 8 kwa kila herufi, na hapo hata takataka, yaani herufi zisizoeleweka, kwenye kioo ni habari njema. Juzi sikupata hata takataka. Nilibadilisha kebo tatu kabla ya kukumbuka kuunganisha pini ya 2 na ya 3 za terminali yenyewe kwa kipande cha waya, ili ninachoandika kinirudie. Hakikurudi, kumbe chipu ya kupokea ilikuwa imeungua tangu mwanzo.