"Mama, saini hapa tu"

Mama yangu mdogo ana nyumba Njoro, hapa Moshi. Vyumba vitatu nyuma, fremu mbili mbele zinazotazama barabara. Mwezi wa pili moto ulianzia usiku kwenye fremu ya fundi cherehani, ukapanda darini, na zimamoto walipofika paa la mbele lilikuwa limeshaanguka. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Majirani waliokuja kumpa pole walimwambia kitu kimoja: wewe una nafuu, una bima.

Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. Kijana wa kampuni ya bima alikuwa amekaa sebuleni kwake na karatasi moja. Mafundi walikuwa wamekadiria ukarabati kuwa shilingi milioni 30. Karatasi ilisema milioni 14 na nusu. "Mama, saini hapa tu, hela inaingia wiki hii." Nilimsihi asishike kalamu mpaka nifike.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema anapokea fedha hizo kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kutokana na moto ule. Hilo kijana hakulitaja. Sitaki kumlaumu sana, huenda hata yeye hakuagizwa kulieleza. Ila mtu anayelala chini ya turubai akiwekewa hela mezani na kalamu juu yake, ile si hiari. Naamini kabisa kwamba kumsainisha mtu kumaliza madai yake bila kumweleza anachokimaliza ni dhuluma, hata kama kila neno kwenye karatasi limepita kwa mwanasheria.

Milioni 14 na nusu ilitoka wapi? Tuliuliza mara tatu ndipo tukajibiwa. Nyumba ilikatiwa bima ya milioni 40. Mtathmini wa hasara aliandika kwamba kuijenga upya yote kungegharimu milioni 80. Kwa hiyo, kampuni ikasema, nyumba ilikuwa na bima ya nusu tu, na hasara italipwa nusu: milioni 15, kasoro laki tano ambazo mwenye bima hubeba mwenyewe. Hii huitwa kanuni ya wastani. Wengi hudhani ukikata bima ya milioni 40 na hasara yako ni milioni 30, utalipwa milioni 30 yote kwa kuwa haijafika kikomo. Sivyo, kama kifungu hicho kimo kwenye hati yako. Kanuni yenyewe ina mantiki, kwani aliyelipia nusu hawezi kudai sawa na aliyelipia yote.

Lakini nani aliandika milioni 40? Si mama mdogo. Alikopa benki milioni 40 kwa dhamana ya nyumba hiyo, benki ikataka bima, ada ikakatwa kwenye mkopo kabla haujaingia, na hati ya bima ikabaki kwenye faili la benki. Yaani kilichokatiwa bima ni deni. Benki ilikuwa salama tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba aliachwa nusu uchi, na katika miaka minne ya kulipa hakuna aliyemwambia, wala hakuwahi kuiona hiyo hati. Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu najua Moshi hii ina nyumba nyingi zilizowekwa rehani namna hiyo hiyo. Kama una mkopo, nenda kesho ukaombe nakala ya hati yako. Ni mkataba wako, ada umelipa wewe.

Halafu ile milioni 80. Mtathmini huteuliwa na kulipwa na kampuni ya bima. Ana leseni, na sisemi wote wanapendelea, lakini ripoti yake ndiyo iliyokata fungu la mama mdogo, na tulipoiomba tukaambiwa ni ya ndani. Tukamleta mkandarasi wetu. Akapima, akaorodhesha tofali, mbao na bati kwa bei za hapa mjini, akapata milioni 55. Weka 55 mahali pa 80 kwenye hesabu ile ile na malipo yanakuwa milioni 21 na ushee. Karibu milioni saba zimesimama juu ya tarakimu moja ambayo mwenye madai hakuruhusiwa kuiona ilivyopatikana! Kwangu mimi, ripoti inayotumika kukupunguzia haki yako haiwezi kuwa siri kwako.

Kuna siku kampuni ilijaribu njia nyingine, kwamba mama mdogo hakutaja biashara ya cherehani na pasi za umeme. Bima inataka uaminifu wa pande zote, hilo ni kweli, na anayeficha jambo anaweza kukosa kila kitu. Lakini picha za fremu zile zilikuwemo kwenye ripoti ya uthamini ya benki. Na kwa misingi ya sheria, kampuni ikisema hasara yako imo kwenye mambo yasiyolipwa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kifungu chenye maana mbili nacho hufasiriwa dhidi ya aliyekiandika.

Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi hii. Mwaka 2022, baada ya moto wa soko la Kariakoo wa Julai 2021, ikafanya bima kuwa lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Serikali inayomlazimisha mwenye fremu kununua bima inawajibika kuhakikisha anaisoma kwa lugha yake. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ungetosha kuanzia: nini kinalipwa, nini hakilipwi, thamani imeandikwa ngapi, ukilipwa pungufu uende wapi.

Pa kwenda papo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama mama mdogo. Wote watakuuliza kwanza kama umeilalamikia kampuni yenyewe, kwa hiyo andika barua, na nakala yako igongwe mhuri. Maneno ya kwenye simu hayana mhuri.

Tumeandika. Tumesema tuko tayari kupokea milioni 14 na nusu leo, kama sehemu tu, na tumeomba ripoti ya mtathmini na sababu kwa maandishi. Barua ina wiki tatu sasa. Jumatatu tunapanda basi la Arusha, na mama mdogo amesema hatanituma, ataongea mwenyewe.