Finland haikuchagua jirani

Kila mjadala wa vita vya Ukraine unapozuka kwa Kiswahili mtandaoni, hakosi mtu wa kusema kwamba Urusi ni dola kubwa, haiwezi kuvumilia mahasimu wake wasogee mlangoni, hiyo ndiyo jiografia, na nchi ndogo zijue nafasi yao. Mara nyingi anayesema hivyo ni mtu makini aliyechoshwa na ubabe wa nchi za Magharibi, na uchovu huo naujua. Ila naona jiografia anaisoma kwa jicho moja, jicho la mwenye nguvu. Ukitaka kuisoma kwa jicho la pili, itazame Finland.

Ni nchi ya watu kama milioni 5.6 waliotapakaa kwenye misitu na maziwa. Magharibi ina Sweden, kaskazini Norway, na kusini, ng'ambo ya ghuba nyembamba, ipo Estonia. Mashariki yote, kuanzia ghuba hiyo hadi kwenye baridi ya Aktiki, ni Urusi: mpaka wa kilomita 1,340 hivi. Kwa karne nyingi Finland ilikuwa sehemu ya ufalme wa Sweden, tena sehemu ya pembeni. Mambo yalibadilika mwaka 1703, Tsar (mfalme wa Urusi) Peter alipoanza kujenga St Petersburg kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Finland, kisha akahamishia huko mji mkuu wa dola yake. Kuanzia hapo, nchi iliyokuwa pembeni ikawa imekaa ubavuni mwa njia ya bahari inayokwenda kwenye ikulu ya Urusi. Mwaka 1809 Sweden ilishindwa vitani na Urusi, ikanyang'anywa Finland yote. Tsar Alexander I akaiachia sheria zake na dini yake, na mwaka 1812 akahamisha makao makuu kutoka Turku, mji unaotazamana na Sweden, kuyapeleka Helsinki, karibu zaidi na kwake.

Alama ya enzi hizo bado ipo ardhini. Reli za Finland zilianza kujengwa wakati wa utawala wa Tsar, na upana wake ni milimita 1,524, kipimo cha Urusi. Sweden na sehemu kubwa ya Ulaya wanatumia 1,435, kipimo kile kile cha SGR yetu. Msomaji anayeijua Kidatu, mahali ambapo mizigo hushushwa na kupakiwa upya kwa sababu reli ya TAZARA na ile ya Kilosa hazilingani upana, ataelewa mara moja kinachotokea Tornio, kwenye mpaka wa Finland na Sweden. Treni iliyotoka Urusi ingeweza kuingia Finland bila shida yoyote, lakini iliyotoka Sweden ilikwama mpakani. Zaidi ya miaka 100 baada ya uhuru kutoka Urusi wa tarehe 6 Desemba 1917, chuma hicho kilikuwa bado kinaelekea mashariki.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Mwaka 1939 mpaka ulipita kama kilomita 30 tu kutoka Leningrad, jina la wakati huo la St Petersburg. Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti uliorithi dola ya Urusi, aliwaita Wafini Moscow na kuwaambia, kwa ufupi, kwamba mji hauwezi kuhamishwa, basi mpaka ndio uhame. Alitaka sehemu ya shingo ya nchi ya Karelia, visiwa kadhaa na kituo cha kijeshi huko Hanko, naye angetoa eneo kubwa zaidi la msitu upande wa kaskazini. Usalama wa mji wa mamilioni ya watu si jambo la kupuuzwa. Ukiisoma hoja hiyo leo, ni ile ile ninayoikuta kwenye mijadala yetu, karibu neno kwa neno.

Wafini walikataa. Estonia, kusini mwa ghuba hiyo hiyo, ilikuwa imeshakubali kituo cha jeshi la Kisovieti mwezi Septemba mwaka huo huo. Kufikia Agosti 1940 Estonia haikuwepo tena kama nchi. Ilimezwa, maelfu ya watu wake wakapelekwa uhamishoni Siberia, na ilirudi kwenye ramani mwaka 1991. Siwalaumu Waestonia. Walikuwa wachache zaidi, na nchi yao haikuwa na kina cha kurudi nyuma na kujificha. Ninachosema ni kwamba hoja ya "nahitaji nafasi kidogo tu ya usalama" tunaweza kuipima kwa yale yaliyomkuta aliyeikubali.

Tarehe 30 Novemba 1939 Jeshi Jekundu la Kisovieti lilivuka mpaka, na kwa siku 105 ardhi yenyewe ikaingia vitani. Chukua barabara ya Raate, upande wa Suomussalmi. Ni njia nyembamba inayokatiza msituni. Januari 1940 divisheni nzima ya Kisovieti ilijipanga juu yake, vifaru, malori, mizinga na jiko la askari, msururu wa kilomita na kilomita. Pembeni theluji nzito, huwezi kugeuza gari wala kuondoka barabarani. Wafini walikuja kwa ski kupitia msituni, wakaukata msururu ule vipande vipande, wakakizingira kila kipande peke yake, na baridi ikamalizia kazi. Jiografia iliyomleta adui ndiyo iliyomzika.

Lakini hadithi haikuishia Raate. Dunia ilitoa pole, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, likaufukuza Muungano wa Kisovieti uanachama, watu wachache wa kujitolea wakaja, na hakuna dola iliyotuma jeshi. Machi 1940 Finland ilitia saini amani ngumu. Ilipoteza takribani sehemu moja ya kumi ya ardhi yake pamoja na mji wa Viipuri, na watu zaidi ya 400,000 wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao wakahamia ndani ya nchi.

Mmoja wa watoto wa Viipuri walioondoka hivyo alikuwa Martti Ahtisaari, aliyezaliwa mwaka 1937. Mwaka 1973 alikuja Dar es Salaam kama balozi wa Finland, akakaa hadi 1977, wakati mji ule ulipokuwa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Baadaye Umoja wa Mataifa ukampa jukumu la Namibia, na akasimamia safari ya nchi hiyo kuelekea uhuru mwaka 1990. Akawa rais wa nchi yake, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi siamini kwamba ni bahati tu kuwa mtu aliyepoteza kwao utotoni alikuja kuwa msuluhishi wa watu wanaogombania ardhi.

Finland nayo ina ukurasa mchafu. Mwaka 1941 iliingia tena vitani, safari hii bega kwa bega na Ujerumani ya Hitler, kurudisha ilichonyang'anywa na hata kuvuka mpaka wa zamani. Askari wake walishikilia upande wa kaskazini wakati Leningrad ikizingirwa na kufa njaa. Wapo Wafini wanaosema ilikuwa vita yao peke yao, iliyoangukia tu kuwa sambamba na ya Wajerumani. Sikubaliani nao. Kuogopa jirani kunaeleza kwa nini walifanya vile, hakuwasafishi.

Mwaka 1944 walishindwa, na hapo ndipo inapoanza sehemu inayodharauliwa bila haki. Walipoteza Karelia mara ya pili, wakapoteza na Petsamo, mlango wao pekee wa Bahari ya Aktiki. Wakatakiwa kulipa fidia ya vita ya dola milioni 300, kwa meli, mashine na bidhaa nyingine, wakamaliza mwaka 1952. Rasi ya Porkkala, pua na mdomo na Helsinki, ikawa kituo cha jeshi la Kisovieti. Njia ya reli ya Helsinki kwenda Turku ilipita humo. Treni ikifika kwenye mpaka wa kituo, madirisha yalifungwa kwa vibao, kichwa cha treni cha Kisovieti kikaivuta hadi upande wa pili, na abiria wakakaa gizani ndani ya nchi yao wenyewe. Kituo kilirudishwa mwaka 1956, mapema sana kuliko ile miaka 50 iliyoandikwa kwenye mkataba.

Marais wawili, Paasikivi kisha Kekkonen, waliongoza nchi kwa miaka 36 kwa hesabu moja: Moscow isipate kamwe sababu ya kurudi. Walisaini mkataba wa urafiki na Moscow mwaka 1948. Walikataa msaada wa Marshall, pesa za Marekani ambazo Ulaya Magharibi yote iliziwania. Magazeti yalijizuia kuikosoa Moscow, na wanasiasa wasiopendwa huko waliona njia zao zikiziba. Huko Ujerumani Magharibi watu waliigeuza Finland kuwa mfano wa nchi iliyojisalimisha kimya kimya. Bei ilikuwa kubwa kweli, na kwa mwandishi wa habari wa wakati ule ilikuwa ya kila siku. Ila tazama walichokinunua: uchaguzi wa vyama vingi, mahakama zao, biashara na pande zote, shule na hospitali zilizoinua wananchi maskini. Nchi ngapi nyingine zilizopakana na Muungano wa Kisovieti upande wa Ulaya zilikuwa na hayo mwaka 1975, wakati viongozi wa nchi 35 walipokutana Helsinki kusaini makubaliano ya usalama wa Ulaya? Norway tu, iliyokuwa tayari ndani ya NATO.

Na hawakuwahi kulala. Vijana wa kiume waliendelea kwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, hata Urusi ilipodhoofika na majirani wengi wa Ulaya wakafuta utaratibu huo. Leo jeshi lao la vita linafika askari 280,000. Wana mahandaki ya kujihami zaidi ya 50,000, yenye nafasi ya watu kama milioni 4.8. Bwawa la kuogelea la Itäkeskus, Helsinki, limechongwa ndani ya mwamba, watoto wanapiga mbizi humo kila wiki; likihitajika, maji yanatolewa na ndani ya saa 72 linakuwa hifadhi ya maelfu ya watu.

Kwa hiyo Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022 na Bunge la Finland likapiga kura 188 kwa 8 kuomba kujiunga na NATO, wengi walisema nchi imegeuka ghafla, au imesukumwa na Marekani. Mimi naona hesabu ilikuwa ile ile ya Paasikivi, ila tarakimu zilikuwa zimebadilika. Kutofungamana kulikuwa na maana mradi jirani aheshimu asiyefungamana. Ukraine haikuwa mwanachama wa NATO na ilivamiwa. Wafini walikumbuka Raate, na zaidi walikumbuka kwamba mwaka 1939 hakuna jeshi lililokuja kuwasaidia. Tarehe 4 Aprili 2023 wakawa wanachama wa 31. Mpaka wa NATO na Urusi ukaongezeka zaidi ya mara mbili kwa siku moja, na aliyesababisha hilo ni yule yule aliyedai anapigana ili NATO isimkaribie.

Uanachama haukuihamisha nchi. Bidhaa zake nyingi bado zinapita Bahari ya Baltiki, ambayo wakati wa baridi kali huganda hadi meli za kuvunjia barafu zitangulie mbele. Desemba 2024 kebo ya umeme kati ya Finland na Estonia ilikatwa chini ya bahari, na polisi na walinzi wa mpaka wa Finland wakaikamata meli ya mafuta iliyoshukiwa kuiburuza kwa nanga. Treni ya Helsinki–St Petersburg ilisimama Machi 2022. Vituo vya mpakani vilifungwa mwishoni mwa 2023, baada ya serikali kuishutumu Urusi kuwasukuma waomba hifadhi upande wake, na wanaoumia ni watu wa Lappeenranta na Imatra, waliojenga maduka na hoteli kwa ajili ya wageni kutoka Urusi, na familia zenye ndugu pande zote mbili. Waomba hifadhi wenyewe, wengine wakiwa wametoka Somalia, Syria na Yemen, waligeuzwa silaha na upande mmoja na kufungiwa mlango na mwingine. Hilo la kufunga mlango kabisa nalipinga, hata kama hofu iliyolizaa naielewa.

Kwa yule anayeniambia kwamba mdogo ajue nafasi yake: Finland imeijua nafasi yake kwa zaidi ya miaka 100, kilomita kwa kilomita. Ilipigana, ikanyenyekea, ikajiunga, na kila mara iliamua yenyewe. Sioni kwa nini mkubwa aruhusiwe kuitumia ramani ile ile kama hati ya kumiliki kilicho ng'ambo ya mpaka.