Mlango wa fleti: ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unatosha?

Moto wa Juni 14, 2017 katika jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London, uliua watu 72. Lawama nyingi zimeelekezwa, na ni haki, kwenye vibamba vya ukuta wa nje vyenye plastiki inayoshika moto upesi. Hata hivyo, ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Oktoba 2019, ilibainisha jambo jingine lisilozungumzwa sana: milango mingi ya fleti haikuwa na kifaa cha kuifanya ijifunge yenyewe, au kifaa kilikuwa kibovu, na hivyo moshi ukapata njia ya kuingia kwenye korido za jengo lililokuwa na ngazi moja tu.

Uchunguzi huo ulipendekeza kwamba milango yote ya kuzuia moto ikaguliwe angalau kila baada ya miezi 3, bila kujali urefu wa jengo. Kanuni zilizoanza kutumika England Januari 23, 2023 zililegeza pendekezo hilo. Zinahusu majengo yanayozidi mita 11, ambako milango ya maeneo ya pamoja hukaguliwa kila miezi 3, lakini mlango wa kuingilia fleti hukaguliwa mara moja kwa mwaka, na msimamizi hutakiwa tu kufanya kila awezalo.

Wasimamizi wana hoja nzito. Fleti ni makazi ya mtu; wengine hawafungui mlango, wengine wako kazini mchana kutwa, na gharama ya kurudi tena na tena mara nyingi huishia kwenye ada ya huduma inayolipwa na wakazi wenyewe. Katika jengo la fleti 120, ukaguzi wa kila miezi 3 ungekuwa ziara 480 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu za marudio.

Pamoja na hayo, naona mwaka mmoja ni muda mrefu mno. Ukaguzi wenyewe ni mwepesi: mlango unafunguliwa hadi mwisho na kuachiwa, kisha unafunguliwa kidogo tu na kuachiwa tena, na mara zote mbili unapaswa kurudi wenyewe na kukaa sawasawa kwenye fremu. Kifaa hicho kinaweza kuharibika wakati wowote, au kuondolewa na mkazi. Mzee anayetembea kwa mkongojo huona mlango ni mzito, hivyo hukiondoa kifaa ili apite, na kumlaumu hakusaidii kitu. Anahitaji kifaa kinachouacha mlango uwe mwepesi siku zote na kuufunga pale king'ora cha moto kinapolia. Msimamizi anayefika mara moja kwa mwaka atachelewa kulijua hitaji hilo, ilhali katika majengo mengi wakazi bado wanaelekezwa wabaki ndani moto unapozuka katika fleti nyingine, maelekezo ambayo usalama wake unategemea milango hiyo hiyo.

Kanuni zinamtaka msimamizi aweke kumbukumbu za juhudi zake, zikiwemo za fleti alizonyimwa nafasi ya kuingia. Kumbukumbu hizo zisiishie kwenye faili. Fleti inayokosa kukaguliwa mara mbili mfululizo ingefaa iripotiwe kwa halmashauri, ambayo tayari ina mamlaka ya kisheria ya kuingia kwenye makazi kukagua hatari.