Msumeno Mmoja, Nati Mia

Wapita njia hapa Keko wakiuona msumeno wangu huwa wanasema, "Fundi, siku hizi una mashine ya Ulaya!" Ya Ulaya kweli, ila Ulaya wenyewe walishaitupa. Ni ule msumeno wa kuvuta: mota na diski vinaning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Wabebaji walipoushusha kwenye kontena, walikamata wapi? Mkono. Sehemu ile ile ambayo ikipinda kidogo tu, kabati linatoka limetegua nyonga.

Mmarekani Raymond DeWalt aliubuni mwaka 1922. Kichwa kilikuwa kinafanya kazi yule mzee, ila hakuwahi kupokea mzigo wa mtumba.

Kuunyoosha kuna foleni yake. Kwanza meza ilale sambamba na mkono. Halafu mkono ukae mraba na ule ubao wa kuegemezea mbao: unapima sentimita 40 kwenye ubao, 30 kwenye mkono, mshazari usome 50. Wangu unasoma 50 na milimita 3. Nagonga taratibu kwa nyundo ya mpira, unafika 50 kamili, moyo unatulia. Nakaza bolti. Kule kukaza kwenyewe kunausogeza! Ni kama kikao cha mahari: mjomba akikubali, shangazi ananuna.

Haya, tuseme mkono umetii. Weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, diski lisimame wima juu ya meza. Hapo bado meno ya nyuma. Diski lisipofuata njia ya mkono barabara, meno ya mbele yanakata vizuri, ya nyuma yanafuata yanakwangua, na mninga wa watu unatoka na alama nyeusi za kuungua, upande mmoja umechanika nyuzi. Bei ya mninga unaijua wewe?

Na Luku ndio inalia saa hizo hizo.

Jirani yangu hana mashine. Ana msumeno wa kawaida na penseli sikioni, na vitanda vinatoka. Mama wa kabati naye kapita, kachungulia: "Fundi, bado unapima tu?" Shikamoo mama, napima.

Jioni ukakubali. Meza sawa, mkono sawa, diski sawa. Nikaenda kunawa mikono. Narudi, namkuta dogo wangu kauegemea mkono wa msumeno kwa uzito wake wote, anachati.

"Bosi, vipi, tuanze kukata?"