Mto Tunauona, Mlango Ndiyo Hatuuoni

Kwangu safari haiondoki bila kaunta buku. Mke wangu amezoea, watoto wamezoea, na mama mkwe, aliyekuja Brussels kutoka Bukavu kututembelea kiangazi kile, alinizoea siku ya pili tu. Alinikuta mezani usiku na rula, kalamu za rangi tatu na simu iliyochomekwa chaji, nachora mistari kama bwana mipango miji. Akamgeukia binti yake, akanong'ona kwa sauti ambayo hata jirani wa chini aliisikia: "Bwana yako iko nasoma mutihani ya nini?"

Mtihani ulikuwa Ulaya. Siku 12, nchi sita: Ubelgiji, Luxembourg, Ujerumani, Austria, Slovenia, Italia, halafu kurudi. Abiria sita kwenye gari la viti saba, boksi la mizigo juu.

Na mimi si mtu wa kubahatisha. Ile stika ya kijani ya kuingilia miji ya Ujerumani niliiagiza mwezi mzima kabla. Stika ya barabara kuu za Austria, ya mtandaoni, inafungwa kwenye namba ya gari; namba hiyo niliilinganisha na kibao mara tatu, nimechuchumaa nyuma ya gari na tochi mdomoni. Reflekta je? Austria dereva lazima awe nayo moja. Nikanunua sita. Uswisi niliikata kwa wino mwekundu, maana stika yao ni faranga 40 na hawauzi ya siku kumi. Ukipita kwao asubuhi mpaka mchana, umelipia mwaka. "Hao hawanipati," nilimwambia shemeji.

Shemeji, kaka wa mke wangu, Kifaransa chake kimenyooka kuliko changu. Aliniomba mara moja, kwa adabu kabisa: "Shemeki, unipe basi niangalie hizo nafasi za kulala." Nikamwambia ashughulike na muziki wa garini.

Kilele cha safari kilikuwa Vienna, na tulikwenda kwa ajili ya mama. Ni mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na kuna mtu alimwambia kwamba Mozart na Beethoven wote walikwenda kumalizia maisha yao mji huo. Hata hajapanda ndege, kwaya nzima ilishapata habari kwamba mwenzao anakwenda Vienne. Ndivyo unavyoitwa kwa Kifaransa.

Hapo naomba mnielewe, kwa sababu utetezi wangu wote umelala hapo. Ubelgiji ni nchi ambayo mji mmoja una majina mawili, na vibao vya barabarani vinabadilika kutegemea uko kwenye ardhi ya wasema Kifaransa au wasema Kiholanzi. Unafuata Mons, mbele kidogo Mons imepotea, kuna Bergen. Ni palepale. Lille inageuka Rijsel, Liège inageuka Luik. Baada ya miaka 11 kichwa changu hakishtuki tena. Wien, Wenen, Vienne: mji mmoja, majina matatu. Hilo nililijua kuliko wengi. Kwamba jina moja linaweza kuwa na miji miwili, hilo halikunipitia akilini hata kwa bahati mbaya.

Basi nikaandika Vienne kwenye programu ya kubuku vyumba, ambayo kwenye simu yangu inafunguka kwa Kifaransa. Ikaja nyumba ya vyumba vitatu, maegesho bure, Euro 74 kwa usiku, mwezi wa Julai! Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikasoma maelezo kalamu mkononi. Hatua chache kutoka mtoni: nikaandika pembeni, "Danube". Karibu na mabaki ya Warumi: safi, Warumi walikuwa na kambi pale wakiiita Vindobona, nilishasoma. Wiki hizo kuna tamasha kubwa la muziki: nikatia vema mbili. Pesa hairudishwi: nikalipa siku mbili. Namba ya mwenye nyumba ilianza na +33. Austria ni +43. Nikainakili +33 ile kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri, nikaipigia mstari.

Tukaondoka Jumatano. Luxembourg tukajaza tangi, kama afanyavyo kila mtu anayetoka Ubelgiji, maana mafuta kwao ni nafuu. Ujerumani nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa vyoo. Kwenye sheli za barabara kuu unalipa Euro 1 kuingia, mashine inakutemea kuponi ya Euro 1 ya kununulia kitu dukani. Mama mkwe aliitazama ile mashine kwa muda mrefu. Kulipia haja ndogo hakukubali, lakini kuponi alizipenda. Akawa anasimama mlangoni anakusanya za kila mmoja wetu, anazikunja, anazifunga kwenye pindo la kitenge. Tulipofika Munich alikuwa nazo 11.

Niseme pia kwamba siku tatu gari moja na mama mkwe si jambo la mchezo. Viatu huvui. Kucheua unameza. Yeye mwenyewe hali mbele ya mkwe, kwa hiyo kila tulipofungua chakula aligeukia dirishani, akajifunika mtandio, akala akitazama ng'ombe wa Kijerumani. Alikuwa amebeba sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wakavu, kwenye kopo la maziwa, na kwa joto la nyuzi 33 kopo lilianza kusema. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nikajisahau, nikasema sambaza hao asili yao ni kwetu Tanganyika, walipelekwa tu Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kweli kabisa. Na ni kweli pia kwamba kutoka Ulm mpaka Salzburg hakuna aliyenisemesha.

Vienna tukaingia Ijumaa saa tatu na nusu usiku. Tukasimama kando ya mfereji wa Danube, upande wa pili wa mji mkongwe. Nikafungua kaunta buku, nikaingiza anwani kwenye ramani ya simu, nikasubiri ile sauti ya dada iniambie geuka kulia.

Kilomita 1,230. Saa 12 na dakika 50.

"Mtandao wa hapa mbovu," nikasema. Nikazima simu, nikaiwasha. Kilomita 1,230. Saa 12 na dakika 51. Foleni ilikuwa imeongezeka mahali fulani duniani.

Mama mkwe alishuka kunyoosha miguu. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ukishuka garini barabarani unavaa reflekta, na yeye ndiye pekee aliyenisikiliza. Akasimama kando ya njia na reflekta yake ya njano juu ya kitenge. Gari moja likapunguza mwendo, dereva akashusha kioo, akamuuliza kitu kwa Kijerumani. Mama akajibu "Oui, oui", akamwonyesha nafasi kwa mkono. Jamaa akaegesha, akashukuru, akaondoka na mkewe. Naamini mpaka leo anadhani alihudumiwa na manispaa.

Mimi nikampigia mwenye nyumba. Akapokea mwanamke, mchangamfu, Kifaransa kitupu. Sikushangaa. Niliona tu kwamba wenzetu wamesoma.

"Nipo mlangoni nawasubiri," akasema. "Gari lenu rangi gani?"

"Kijivu, mama, na boksi jeusi juu."

"Silioni."

"Sisi mto tunauona, mlango ndiyo hatuuoni."

"Kama mnauona mto mmeshafika! Na daraja?"

"Hili hapa."

"Vukeni mje upande wa mji mkongwe."

Mama mkwe akaitwa ndani, shemeji akawasha gari, tukavuka.

"Tumevuka."

"Muziki mnausikia?"

Nikashusha kioo. Kwenye kona kijana alikuwa anapiga fidla, kofia chini. "Tunausikia!"

"Basi ni huohuo, ukumbi wa Warumi uko mlimani hapo juu. Leo jazi imekolea."

"Hapa ni fidla, mama."

"Fidla?" Akanyamaza. "Kwani mmeingilia upande gani, wa Lyon au wa Valence?"

"Wa Salzburg."

Kimya kikawa kirefu kiasi kwamba nilianza kusikia vilivyokuwa nyuma yake: tarumbeta, ngoma, watu wanapiga makofi. Jazi kweli. Ilikuwa inatoka ndani ya simu. Dirishani kwangu kulikuwa na fidla tu.

"Bwana," akasema taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto juu ya mti, "Salzburg iko Austria."

"Ndiyo, na sisi tuko Austria."

"Mimi niko Ufaransa."

Shemeji akaegesha. Akachukua kaunta buku mapajani mwangu, akawasha taa ya ndani, akasoma kwa sauti ya karani wa mahakama: "38200 Vienne, Isère. Shemeki, hii Isère ulifikiri ni nini?"

"Mtaa."

"Ni jimbo. Mji wenyewe uko kusini ya Lyon, kilomita 30 hivi. Mto wake ni Rhône."

Mto, Warumi, muziki. Kila kitu kilikuwepo, na kila kitu kilikuwa cha wengine. Binti yangu wa miaka 14, ambaye tangu Brussels alikuwa hajatoa masikioni vile vipokea sauti vyake, alivitoa ili aniongezee: Warumi waliuita mji ule wa Ufaransa ndio Vienna, huu wa Austria si ndio Vindobona yako, baba? Kwa hiyo jina la wenyewe ni lile la kule. Nikamwambia avirudishe.

Nyuma kabisa sauti ya heshima ikauliza: "Mukwe, hapa njo Vienne ao hapana?"

Jibu ni ndiyo, na jibu ni hapana, na kwa mama mkwe huwezi kusema yote mawili. Nikakohoa. Shemeji, Mungu ambariki, akaondoa gari, akamzungusha mama Ringstrasse yote. Akaiona Opera inawaka taa, akaipiga picha kupitia dirishani. Picha ikatoka: kioo, na uso wake mwenyewe, na nyuma yake mwanga.

Bei za vyumba vya watu sita nilizoziona usiku ule sitaziandika hapa. Mke wangu hajaziona hadi leo. Tukatoka nje ya mji, tukaegesha kwenye sehemu ya mapumziko ya malori, wote walale garini. Wote, lakini si mimi. Mkwe na mama mkwe kulala chumba kimoja ni mwiko, na shemeji alipotafakari aliona gari ni chumba. Nililala kwenye benchi la mbao la kulia chakula, reflekta mbili juu, moja kichwani kama mto. Saa tisa usiku nikashtuliwa na dereva wa lori aliyesimama juu yangu na kopo la supu, anataka benchi. Tukagawana, yeye ncha ile, mimi ncha hii.

Asubuhi mke wangu alikuwa amekalia kaunta buku. Namaanisha amelikalia. "Nyumba imelipiwa siku mbili," akasema. "Moja imeshaliwa. Tunakwenda kulala hiyo nyingine." Slovenia ikafa pale, na Italia ikafa nayo.

Tukageuza. Salzburg tena, Munich tena. Kabla ya Munich mama akafungua pindo la kitenge, akanunulia kila mtu kinywaji, kila kikombe na kuponi yake, na changu akakituma kwa mkono wa binti yake bila kunitazama. Mpakani mwa Uswisi shemeji alisoma bei ya stika kwa sauti, mara mbili, kwa lugha mbili. Nikatoa faranga 40. Tuliiona Uswisi yote kwa saa nne na nusu, pamoja na Ziwa Léman, ambalo mama alilipima kwa jicho moja: "Kivu njo ziwa. Hii iko kaziwa."

Saa tano kasoro usiku tukaingia mjini kwa Warumi wa kweli. Mto upo. Daraja lipo. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kijivu," akasema. "Na boksi jeusi juu. Sasa nimeliona."

Mama mkwe akashuka, reflekta ya njano juu ya kitenge. Mwenye nyumba akarudi nusu hatua; Ufaransa, tangu waandamanaji wa 2018 walipolivaa, vazi hilo lina maana yake. Lakini mama hakumwona. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Kutoka mlimani, juu ya mapaa, tarumbeta ilikuwa inashuka polepole na watu wanashangilia.

Akatoa simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza mdomoni.

"Kwaya," akasema, "niko Vienne. Musikie." Akainyoosha simu juu, akaishikilia hivyo mpaka wimbo ukaisha.