Bango lipo, ukuta haupo

Jamani, hizi pesa za mabadiliko ya tabianchi zinapita njia gani? Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kuzisaidia nchi zinazoendelea kwa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zikaja kutimia 2022, na sehemu kubwa ni mikopo. Yaani wachafue wao, tukopeshwe sisi!

Huku kwetu Pemba maji ya bahari yanaingia bondeni, mpunga unaungua kabla ya kuchanua, na tuta lililobomoka tumeliziba kwa viroba vya mchanga. Tulichokiona sisi ni bango la mradi, fulana na semina ya soda na sambusa. Ukiuliza pesa zimeingia ngapi, ati "mchakato unaendelea". Mchakato gani usioisha? Bandikeni hesabu hapo kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, shilingi kwa shilingi, tuzisome wenyewe.