Nani asimamishe bomba la data?

Una faili la logi za seva lenye mistari milioni mbili, nawe unatafuta kosa la kwanza tu. Kwa kitanzi cha kawaida, ukilipata unatoka, basi. Lakini katika uprogramu wa kifunksheni, yaani wa kuunganisha funksheni badala ya kuandika vitanzi, umeshapanga bomba: hatua moja inasoma, nyingine inachuja, ya tatu inageuza. Nani ataiambia ile ya kwanza kwamba kazi imekwisha?

Haskell, lugha ya uprogramu wa aina hiyo, inajibu kwa uvivu: hakihesabiwi kitu hadi kihitajiwe. Mpokeaji akichukua kimoja akanyamaza, walio nyuma yake nao wanatulia. Naipenda njia hii. Hatua za kati hazina haja ya kujua lolote kuhusu kusimama, na hata orodha isiyo na mwisho unaitumia bila hofu.

Tatizo, huko kunyamaza hakumwambii mtu alifunge faili. Linabaki wazi hadi mfumo wa kusafisha kumbukumbu ulifikie. Ukiwahi kulifunga mwenyewe, mistari ambayo haijasomwa huipati tena. Halafu uvivu wenyewe una vipimo vyake. Katika Clojure, lugha nyingine ya aina hiyo, omba kipengele cha kwanza cha map (inayopitisha kila kipengele kwenye funksheni yako) juu ya (range 100), yaani namba 0 hadi 99: funksheni yako itaitwa mara 32, kwa kuwa orodha hiyo hutolewa kwa mafungu ya 32. Kama funksheni hiyo inatuma SMS kwa wateja, watu 32 wameshapata ujumbe uliotaka umfikie mmoja.

Ndiyo maana naegemea njia ya pili, ya kusimama kwa tamko: hatua yenyewe inasema waziwazi kwamba imetosha. Lugha ya Elixir ina reduce_while, inayopitia orodha kipengele kwa kipengele, ambapo kila hatua inajibu :cont (endelea) au :halt (simama). Transducer za Clojure, yaani hatua za bomba zinazounganishwa, zilizokuja na toleo la 1.7 mwaka 2015, hufunga jibu ndani ya reduced, alama ya kusimama, kisha kila hatua hupewa nafasi ya kumalizia. Chukua vipengele 25, vigawe kumikumi: vile vitano vya mwisho havipotei.

Gharama ipo, tena inauma. Ukiandika hatua inayofungua orodha ndogondogo, reduce ya ndani (funksheni inayopitia orodha ndogo) huivua ile alama, na ya nje haiioni. Mbele yake kukiwa na take-while, hatua inayopokea data hadi sharti livunjike, data ya orodha inayofuata ikikidhi sharti inaingia kimyakimya, bila onyo.

Kwa data iliyo tayari kwenye kumbukumbu, niachie uvivu. Bomba likigusa faili, mtandao au hifadhidata, nataka tamko, na kila hatua ninayoiandika naijaribu kwa orodha mbili: nasimama katikati ya ya kwanza, naangalia kama ya pili imeguswa.